Masazo ya Milembe

Chupa ilikuwa ikichemka kwenye sufuria pamoja na chuchu yake, na Nyamizi alikuwa kwenye kigoda akiitazama kama mtu anayelinda maharage yasiungue. Mgongoni alimbeba mjukuu wake, Milembe, kwa kanga iliyokuwa ya mama wa mtoto. Mama huyo, Salu, binti pekee wa Nyamizi, alifariki siku ileile aliyojifungua, katika kituo cha afya chenye rangi mpya na bango kubwa, ila hakina damu. Bundala, baba wa mtoto, alirudi Lamadi kwenye biashara ya dagaa, na kila akipata lori linalokuja upande wa Bariadi humpa dereva kopo la maziwa ya unga. Hao ndio waliokuwa ndugu wote wa Milembe.

Shida ilikuwa masazo. Milembe alikuwa mvivu wa kunyonya. Alivuta kidogo, akatazama paa, akavuta tena, kisha akasinzia chuchu ikiwa mdomoni. Mwanzoni Nyamizi alifunika kilichobaki, akakiweka penye kivuli, akampa mtoto akiamka, kama ambavyo nyumba yoyote yenye akili ingefanya. Mtoto akaharisha mpaka macho yakatumbukia ndani. Eufrasia, muuguzi wa kliniki, alimtundikia dripu, ndipo akamgeukia bibi, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, akishatia mdomo, mate yake yameingia humo. Wadudu wanazaliana. Tengeneza kidogo kidogo, na kisichoisha ndani ya saa moja, mwaga."

"Nimwage maziwa?"

"Mwaga, mayu."

Rahisi kusema. Nyamizi alizaliwa kwenye boma la ng'ombe huko Mwanhuzi, ambako aliyemwaga maziwa alichapwa kwanza, akaulizwa baadaye. Kumwaga maziwa kwa makusudi ni kuwaambia ng'ombe wakauke. Chooni hakuweza. Jalalani hakuweza. Siku moja alimpa mbwa wa jirani, akaona aibu mpaka akashindwa kula. Mahali pekee ambapo watu wa kwao walimwaga kitu chini kwa moyo mweupe ni mlangoni pa kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, ambapo marehemu mumewe alikuwa akiwamwagia wazee waliotangulia pombe ya mtama. Nyamizi alikuwa Mkatoliki, na tangu abatizwe hakuwahi kumwaga kitu pale. Lakini aliona kwamba Mungu, ambaye ng'ombe pia ni wake, angemwelewa. Akamwaga pale.

Hapo ndipo alipokosea. Pombe huenda kwa wazee. Maziwa ya mtoto huenda kwa mama.

Haikupita wiki, Salu akaja. Jua lilikuwa limezama na pamba iliyotandazwa uani ilikuwa bado haijaingizwa ndani. Alikuwa amevaa zile kanga alizozikwa nazo.

"Mwadila, mayu," alisalimia.

"Mwadila, mwanangu. Njia ikoje?"

"Vumbi tu."

Akachuchumaa mlangoni pa kijumba. Maziwa hayakuwa yamezama ardhini. Yalikuwa yametuama meupe kama yaliyo kwenye sahani. Akayateka kwa viganja, akanywa, akafuta midomo. Kisha akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Hakuomba kumpakata, maana wafu hawapakati. Giza lilipokamilika akaondoka, na Nyamizi akaingiza pamba ndani huku akilia kwa furaha. Tangu mazishi hakuwa amefurahi hata kidogo, na hakuona sababu ya kulificha hilo.

Baadaye wakaja wengine. Mmoja alitoka Sola, mwingine Mkula, mbali kote huko, kwa sababu masazo ya mtoto hayapatikani kila mahali. Walikaa kandokando ya minyaa wakiwa wamenyoosha miguu, wakapokezana kuteka. Kila mmoja alikuwa amekufa akaacha kichanga. Watu waliotoka mashambani waliwasalimia na kupita zao. Mwanamume mmoja alishuka kwenye baiskeli akamuuliza mkewe ufunguo wa sanduku aliuweka wapi. Mke akamwambia uko ndani ya debe la karanga. Mwanamume akashukuru, akapanda baiskeli yake.

Mwenyekiti wa kitongoji, Kasmiri, alipoona msongamano alitoa taarifa, maana mikusanyiko isiyo na kibali ilikuwa inamtia wasiwasi. Wakaja wataalamu kwa gari, na Nyamizi aliona kwamba gari hilo lilikuwa na mafuta ya kutosha, kwani dereva hakulizima muda wote. Waliwauliza wale wanawake mmojammoja kilichowafika. Mmoja alikuwa amesubiri damu. Mwingine alisubiri gari la wagonjwa, nalo gari lilikuwa likisubiri dizeli. Yule wa Sola alimsubiri daktari, na daktari alikuwa kwenye semina ya kupunguza vifo vya akina mama.

Kiongozi wa msafara, mama wa makamo mwenye miwani, alisikitika kwelikweli. Naye alikuwa amezaa. Alishauri kwamba kwa sababu za kiafya masazo yamwagwe chooni, wakanywa soda, wakaondoka. Mwezi uliofuata kituo cha afya kilipakwa rangi tena.

Kisha Milembe akaanza kunyonya. Ghafla tu, kama mtu aliyekumbushwa kazi yake. Akaishika chupa kwa mikono miwili na kuivuta mpaka ikapiga mluzi. Jioni hiyo Salu alipokuja alipapasa ardhi, ikawa kavu. Alikaa na wenzake mpaka giza, akaondoka bila kuaga, na Nyamizi hakupata usingizi kwa hofu kwamba hatarudi.

Jioni ya pili yake akamchomoa mtoto chupa mdomoni kabla hajatosheka. Kidogo tu, alijiambia. Milembe akalia, akafungwa mgongoni, akaimbiwa, akalala. Maziwa yakatuama meupe mlangoni pa kijumba, na Salu akanywa. Basi ikawa hivyo kila jioni, kisha na mchana pia, kwani wanawake walikuwa wengi na Nyamizi hakutaka binti yake agombanie.

Kwenye mizani ya kliniki mtoto alikuwa amepungua.

"Mayu, huyu anashiba kweli?" Eufrasia aliuliza.

"Anabakiza," Nyamizi alijibu, na uongo ule ukatoka laini kuliko alivyotarajia.

Siku moja Salu aliwahi. Alisimama kwenye kona ya nyumba akaona mama yake akivuta chupa, mtoto akiifuata kwa mdomo na mikono, kisha akipiga yowe.

"Mpe," alisema Salu.

"Ameshiba huyu."

"Mayu. Mpe."

Nyamizi akaangalia chini. Alitaka kusema kwamba bibi naye ana haki ya kumwona mwanawe, lakini maneno hayo hayakuwa na pa kusimama mbele ya mtoto anayelia. Akarudisha chuchu mdomoni. Milembe alikuwa amelia mpaka akachoka, na sasa usingizi ulikuwa umemchukua. Nyamizi alimtikisa, akamfinya nyayo, akampaka maji usoni. Mtoto hakuamka. Alipokuja kufumbua macho saa moja ilikuwa imepita, na kwa maziwa yale hapakuwa tena na la kufanya. Nyamizi akaenda kuyamwaga mahali pake. Wanawake wengine wakayateka. Salu alikaa akiwa ameyapa kisogo, na mama yake alipomwita hakugeuka.

Hakuja tena.

Milembe sasa anashiba. Mashavu yamerudi, na Eufrasia amempongeza bibi yake mbele ya kina mama wote wa kliniki. Nyamizi alisimama kupigiwa makofi huku akitamani sakafu immeze. Amempoteza Salu mara mbili, na mara ya pili hakuna wa kumlaumu ila mwenyewe. Ikifika jioni bado anatoka nje na kigoda chake. Wanawake bado wanakuja, ingawa chupa haibakizi kitu, na wapya huongezeka.

Juzi pale alipokuwa akikaa Salu palikuwa na msichana mgeni, umri wa kidato cha nne, plasta ya dripu bado iko mkononi.

"Mwadila, mayu. Ni hapa?"

"Ni hapa. Lakini leo hakuna kilichobaki."

Msichana akavuta kanga ifunike miguu. Akasema si neno, atasubiri, kwani hata kule kituoni walimwambia asubiri.