Nyuki Chini ya Tuta

Kitu cha kwanza alichokiona Kabula ni nyuki. Walikuwa wametua chini ya tuta la bwawa, kwenye udongo uliopasuka kama kisigino cha mkulima, nao walikuwa wanakunywa. Nyuki hawanywi vumbi. Akatua ndoo, akachimba kwa kigae, na mkono ulipozama hadi kiwiko akagusa bomba la plastiki linalovuja kwenye kiungo. Akainua macho kutazama linakoelekea. Upande ule kulikuwa na bustani moja tu yenye majani mabichi, nyanya za Mzee Nikolaus, mwenyekiti wa kamati ya maji.

Miaka sita nyuma, katika ukame mwingine, Nikolaus alisimama mbele ya kijiji akasema maji yanaisha kwa sababu mlinzi wa bwawa anawafungulia wafugaji kwa siri. Mlinzi alikuwa Eliya, baba yake Kabula. Ufunguo wa koki alikuwa nao yeye peke yake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza la pili. Akavuliwa kazi. Kanisani akawa anakaa benchi zima peke yake, mwisho akaacha kwenda. Kabula alikuwa darasa la tano. Aliitwa binti wa mwizi wa maji mpaka naye akaiacha shule.

Alirudishia udongo, akaushindilia kwa mguu. Kisha akajitwika ndoo, akaenda zake.

Siku nane zikapita. Bwawa likawa tope. Wanawake walikwenda hadi kijiji cha Igalula kuomba maji, wakarudi na nusu ndoo. Kabula alikwenda nao, nyuma kabisa, maana hakuna aliyependa kuongozana naye.

Siku ya tisa kijiji kikakutana juu ya tuta.

"Tatizo letu ni lile lile," Nikolaus alisema. "Wengine wizi wameurithi. Au sivyo, binti Eliya? Leo hata shikamoo huna?"

Watu wakacheka. Kabula akashuka na jembe lake.

"Anakwenda kulima tope," mtu mmoja akasema.

Alipiga jembe mara tatu, akalishika bomba kwa mikono miwili, akavuta. Likafumuka ardhini hatua kwa hatua, likielekea kwenye nyanya. Kicheko kikakatika. Nikolaus akaanza kuitafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Wanaume walipokuwa wanaivamia bustani, Gaudensia, jirani yao, akamshika Kabula mkono. Mtoto wake mgongoni alikuwa amekauka midomo.

"Mungu akubariki, mwanangu. Tumemkosea sana baba yako. Umeliona leo hili bomba?"

Angeweza kuitikia tu. Miaka sita alikuwa anaitikia tu. Akamtazama yule mtoto, kisha akamtazama mama yake.

"Hapana, mama. Nililiona wiki iliyopita. Nilitaka na ninyi muone kiu kwanza."