Zizi Juu ya Kisima

Kila mwanamke aliyetoka nje akaolewa katika jumuiya ile ya waumini aliugua tumbo miezi ya mwanzo. Wenyeji walisema ni ugeni, mwili utazoea. Asiyezoea waliambiana pembeni kwamba imani yake bado changa.

Mkaza mwana wa kiongozi wa sala alivumilia. Lakini alipoanza kuharisha akiwa na mimba, mama mkwe wake aliingiwa na hofu. Alimtafuta mpimaji wa maji, akapewa chupa safi, akaijaza kisimani bila kumwambia mumewe. Kisima kile mzee huyo alikichimba mwenyewe ujanani, na watu walikiita baraka.

Mpimaji alileta majibu kwa mguu wake.

"Mama, maji yenu yana bakteria wa kinyesi. Lile zizi pale juu, mvua ikinyesha samadi inateremkia wapi?"

Mama mkwe alitazama mteremko aliokuwa akiupanda na kuushuka kila siku.

Mchana mumewe alipojichotea maji mtungini, alimzuia. "Mzee, weka chini hicho kikombe." Akamweleza yote.

"Miaka yote tunakunywa haya haya," mzee alisema. "Nani amekufa?"

"Mtoto wa dada yako. Aliharisha mpaka akaisha. Tukasema ni mapenzi ya Mungu."

Mzee alitoka nje. Alipanda mteremko hadi zizini.

Kwenye ibada alisimama mbele ya watu. "Maji ya kunywa yachemshwe, kila nyumba. Kisima nilichimba mimi. Na zizi nililiweka mimi."

"Kwa hiyo baraka imeondoka?" aliuliza mmoja.

"Haijaondoka. Tumeilaza na ng'ombe."

Wachache walicheka. Wengine walinuna, na wawili watatu waliendelea kunywa maji yasiyochemshwa kwa ubishi. Hata hivyo zizi lilihamishwa, kisima kikatiwa dawa na kufunikwa. Mkaza mwana akapata nafuu polepole.

Baadaye mzee alikwenda kwa dada yake, akamkuta akichambua maharage.

"Dada, lile zizi…"

"Nilikuwepo. Ulisema mbele ya watu wote."

"Kwako sijasema."

Dada aliendelea kuchambua, akitupa mawe pembeni. Kisha akausogeza ungo kidogo, nafasi ya mtu wa pili ikapatikana mkekani.

"Basi kaa," alisema. "Sema."