Kiwanja Kinachoimba

Macho ndiyo yaliyomtoa Fundi kazini. Alikuwa amechomelea mageti, vitanda na matangi tangu ndevu hazijaota, na ule moto mweupe ukamwachia ukungu machoni. Daktari alimwambia aache, naye akaacha shingo upande. Akawa mtu wa kukaa kibarazani na kuuliza chakula kimefikia wapi, mpaka mkewe akamwambia binti yao kwamba baba akiendelea hivi atamhesabu pamoja na viti.

Binti ndiye aliyeleta mashine. Ilikuwa fimbo nyepesi yenye sahani nyeusi chini na kisanduku karibu na mshikio. Sahani ikipita juu ya chuma kilichofukiwa, kisanduku kinalia. Huko alikofanya kazi binti, wastaafu walikuwa wakizunguka nazo viwanja vya wazi, wakiokota sarafu za zamani na pete zilizopotea, kisha wanarudi nyumbani wamechoka vizuri na hawagombani na mtu. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo, na binti akataka kumsomea. Fundi akacheka.

"Mwanangu," akasema, "chuma ndicho kilichokusomesha wewe. Leo unisomee mimi habari za chuma?"

Karatasi ikaenda kuwashia jiko. Fimbo nayo akaiacha fupi vilevile ilivyotoka kwenye boksi, kwa sababu alitaka sahani iwe karibu na macho yake.

Siku za mwanzo alizunguka uani kwake na kandambili miguuni, ameinama kama anayefagia, sahani ikipita mbele ya vidole. Alipata misumari, vizibo vya soda, kijiko, na mara moja komeo la geti alilolitengeneza mwenyewe enzi za ujana. Alilifuta kwa shati, akaligeuzageuza sana. Jioni hiyo mkewe alimsikia akipiga mluzi bafuni, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Uani kulipokwisha, Fundi akahamia kwa dada yake.

Dada huyo alikuwa kitinda mimba, na nyumbani walimwita hivyo hivyo, Kitinda. Ndiye aliyebaki na mama yao kwenye kiwanja cha wazazi, akamwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani mpaka Mungu alipomchukua. Walibaki watatu: Kaka Mkubwa mwenye bucha, Fundi, na yeye. Baada ya mazishi, kaka hao wawili walitamka mbele ya ndugu kwamba kiwanja kiandikishwe kwa jina la Kitinda. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na vyumba viwili, jiko la nje, na bustani ya mboga iliyomlisha. Ilibaki kwenda ofisi ya ardhi kutia saini tu, ila Kaka Mkubwa alikuwa hajapata nafasi.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na majani marefu, na Fundi hakuwa mtu wa kuingia majanini na kandambili. Akatoa chini ya kitanda buti zake za kazi, zile nzito zenye bati la chuma ndani ya pua, zilizomlinda vidole miaka yote ya karakana. Akazivaa, akawasha mashine, akapiga hatua.

Ikaimba.

Kule kwake ilikuwa ikilia mara moja na kunyamaza. Hapa iliimba mlangoni, ikaimba majanini, ikaimba kando ya jiko na katikati ya mboga. Jasho lilimtoka Fundi. Alichimba pale ilipolia zaidi, hakuona kitu. Akasimama ukingoni mwa shimo, akapitisha sahani, ikaimba vilevile. Basi kiko chini zaidi, akajiambia, akachimba tena, na siku ya pili akachimba pengine.

Alipofikia bustani, Kitinda alikuja kung'oa miche yake mwenyewe, akaihamishia kwenye makopo.

"Chimba tu, Kaka," alisema. "Muda mrefu sijauona uso wako hivi."

Mdomo ndio uliomponza. Alipita buchani akakuta watu wamejaa, na badala ya kununua nyama akawaambia, tena akitia chumvi, kwamba kiwanja cha mama kimejaa chuma toka ukuta hadi ukuta. Kaka Mkubwa aliweka kisu chini. Kesho yake akaja kusikia kwa masikio yake. Fundi akatangulia na mashine, kiwanja kikaimba, na Kaka Mkubwa akamfuata nyuma, akimeza mate. Kufikia jioni mke wa Kaka Mkubwa naye alikuwa amekumbuka kwamba zamani, kabla ya wazazi kununua, palikuwa na tajiri aliyeondoka kwa haraka.

Saini ikaahirishwa. Kaka Mkubwa alisema hakuna anayemfukuza Kitinda, lakini kilichomo chini ni cha watoto wote wa mama. Akatafuta vibarua waje Jumamosi. Wangeanza kwa kubomoa jiko, na wasipoona kitu, wavunje sakafu ya vyumba. Kitinda angelala kwa jirani mpaka ijulikane. Alisikiliza yote amekunja mikono, kisha akamgeukia Fundi.

"Kaka, una hakika?"

"Dada yangu, mimi na chuma?" akajibu.

Ijumaa mvua ilinyesha. Fundi alikuja kupima mara ya mwisho, akafika buti zimekuwa madonge ya matope, akazivua mlangoni na kuingia kunywa chai. Alipotoka alikuta Kitinda amezisafisha kwa brashi, amezipanga juu ya ngazi zikauke. Hakutaka kuzichafua tena. Akakunja suruali, akachukua mashine, akaingia uwanjani miguu mitupu.

Kimya. Alipita majanini, kimya. Akazunguka mashimo yake moja baada ya jingine, na yote yakawa bubu kama watu walioambizana. Akaipiga mashine kwa kiganja. Akarudi mlangoni kutafuta betri, na sahani ilipopita kwenye ngazi, ikaimba.

Alisimama pale pale. Akaivuta sahani pembeni, ikanyamaza. Akairudisha juu ya buti, ikaimba. Akachukua kiatu kimoja, akakipeleka mpaka bustanini, akakiweka kwenye udongo, na bustani nayo ikaimba.

Aibu ilimpanda kutoka nyayoni. Bati lile alilijua. Angeweza kulikata mwenyewe amefumba macho, likae sawasawa kwenye pua ya kiatu. Alikuwa amelivaa nusu ya maisha yake, na sasa lilikuwa limemzungusha kiwanja kizima kama mbuzi wa kamba, na yeye akamzungusha kaka yake.

Kitinda akauliza kutoka ndani kama leo mashine inasemaje.

"Betri," akasema Fundi.

Alivaa buti zikiwa bado na maji, akaondoka. Njiani alimpigia simu Kaka Mkubwa, na mpaka simu inapokelewa alikuwa na nia ya kupasua jipu. Lakini alipoisikia ile sauti nzito ikimwita Fundi wetu, ulimi ukageuka. Akasema mashine imeharibika, labda waahirishe. Kaka Mkubwa akacheka, akasema mashine imeshamaliza kazi yake, sasa ni zamu ya sururu.

Jioni alipiga magoti kando ya kitanda kama kawaida yake, maneno hayakuja. Mungu alikuwa anajua tayari, asingemcheka. Wa kucheka walikuwa kule buchani, na vijana wa karakana aliowafundisha yeye kushika chuma. Akaanza kujipigia hesabu. Waache wachimbe wakose, watasema tajiri alirudi akachukua vitu vyake. Jiko litajengwa tena. Sakafu nayo itazibwa. Alipofika kwenye sakafu akaona kitanda cha mama yao kilivyokuwa kimekaa pale, na Kitinda amelala chini pembeni yake, akaacha kuhesabu.

Asubuhi alifika amechelewa, mashine mkononi, buti miguuni. Mabati ya jiko yalikuwa yameshashuka. Sufuria zilikuwa zimepangwa nje juani, na Kitinda alikuwa akitoka na godoro kichwani. Majirani walijaa kwenye uzio. Fundi alimwendea kaka yake, akampa mashine.

"Kaka, hebu pita nayo."

Kaka Mkubwa alikuwa na makubazi ya ngozi. Alipita jikoni, akapita majanini, akaizunguka bustani yote. Hakukusikika kitu. Akasema si ndiyo ilivyoharibika. Fundi akakaa ukingoni mwa shimo, akainama kufungua kamba, fundo likamshinda mara mbili. Akaweka kiatu mbele ya sahani. Ikaimba, na watu wote wakasikia.

"Ni hiki," alisema, macho yake ardhini. "Tangu siku ya kwanza ni hiki. Chini hakuna kitu. Nilijua jana, na kwenye simu nilikudanganya."

Kibarua mmoja ndiye aliyeanza kucheka, kisha uzio mzima. Jirani akauliza kama viatu navyo vitaandikishwa ofisi ya ardhi. Fundi aliyasikia yote, na hakuwa na pa kuuweka uso.

Kaka Mkubwa hakucheka. Alilitazama jiko lisilo na paa, akamtazama dada yake aliyesimama na godoro, na shingo yake ikaiva. Akawaambia vibarua warudishe mabati. Kisha akamwambia Kitinda, bila kumwangalia, kwamba Jumatatu ajiandae mapema, atampitia waende kutia saini. Alitoka bila kumuaga Fundi.

Fundi naye akaanza kuokota mashine yake.

"Wewe baki," Kitinda akamwambia. "Mashimo ni yako."

Katika nyumba ile hakuna aliyemwita mkubwa wake wewe. Neno lile lilimkata kuliko kicheko cha uzio mzima, akachukua sepetu. Alifukia miguu mitupu, kuanzia majanini kuja mlangoni, huku Kitinda akipita na sufuria na godoro kuvirudisha ndani, akipita kama anapita mti. Maji aliwapa vibarua kwanza. Kikombe kilipomfikia Fundi, kiliwekwa chini, hakikukabidhiwa mkononi. Alikiinua akanywa. Alikuwa ametafuta neno la kuomba radhi tangu asubuhi, na kila alilolipata alihisi linamtafutia yeye nafuu.

Vibarua walikuwa wameshaondoka alipofika bustanini. Akajaza shimo la mwisho, akalikanyagakanyaga kwa nyayo. Kitinda akaja na makopo ya miche, akachuchumaa, akapapasa udongo kwa kiganja.

"Hapa bado pamebonyea, Kaka," akasema. "Ongeza udongo."

Fundi akaongeza.