Kiuno cha Glasi Moja na Ushei

Kwa miaka thelathini Mama Pindo alipima lastiki kwa ngozi yake. Kabla ya kukata lastiki, aliivuta, kisha akaiachia imchape vidoleni. Hapo ngozi ilimwambia: huyu laini, huyu mkaidi. Hakuandika popote. Alisoma mpaka darasa la saba, na huko hakuna aliyemuuliza habari za lastiki.

Kisha sukari ilimwingia mwilini, na taratibu vidole vikafa ganzi. Kushika kitu kukawa kama kukishika ukiwa umevaa soksi mikononi. Hakumwambia mtu. Cherehani ndicho kitu alichokigusa kila asubuhi baada ya kunawa uso, na hakutaka mtu amwambie pumzika.

Kilichomfichua ni tumbo la shemeji yake.

Shemeji huyu, mume wa dada yake, mtunza ghala mstaafu, alikuwa amefanyiwa upasuaji na bado alikuwa na kovu chini ya kitovu. Jumamosi alikuja amevaa suruali yake ya zamani, ile ya kijivu, na ya bluu ameikunja kwapani. Zote mbili kazishona Mama Pindo. Ya bluu ina wiki moja.

"Shemeji," alisema akiketi polepole, "hii ya bluu inanikumbatia mno. Dada yako hajanikumbatia hivi tangu tuoane."

"Labda umenenepa."

"Ningenenepa, ya kijivu ingenisema." Akainua shati. Mstari mwekundu ulikuwa umepita juu ya kovu kama waya.

Mzaha uliishia hapo. Binti yake Mama Pindo, mwalimu wa fizikia, alikuwa amekuja kumsalimia mama. Aliutazama ule mstari, akavitazama vidole vya mama yake, akaelewa alichokuwa akifichwa. Alikwenda kwenye cherehani, akautoa mkanda unaozungusha gurudumu, akautia kwenye mkoba wake.

"Mama, umeshona vya kutosha. Leo ni mstari, kesho ni kidonda cha mtu."

Mama Pindo hakugomba. Alisema, "Sawa, mwanangu. Ila kabla hujaondoka na mkanda wangu, niambie kosa liko kwenye lastiki au liko mkononi mwangu."

Hapo alimpata. Mwalimu ukimuuliza swali hawezi kuondoka.

Bintiye alipigilia msumari juu ya fremu ya mlango, akatundika futi ya kupimia ya mama yake ining'inie pembeni. Kwenye kopo la mabaki walipata kipande cha lastiki ya zamani, iliyoshonewa ile suruali ya kijivu. Cha pili walikikata kwenye bunda jipya, lililotumika kwa ile ya bluu. Kila kimoja sentimita ishirini, pini juu, pini chini, na kwenye pini ya chini mfuko mdogo wa plastiki. Shemeji akapewa kazi ya kumimina maji, glasi moja moja, asimwage.

Ya zamani ikaanza. Glasi ya kwanza.

"Ishirini na nne," alisoma Mama Pindo.

"Toa ishirini alizozaliwa nazo. Tunataka alichoongeza."

"Nne, basi."

Glasi ya pili, nane. Ya tatu, kumi na mbili. Kisha wakaitundika mpya: mbili, nne, sita. Walipoondoa mfuko, zote mbili zilirudi ishirini.

"Kitendawili," alisema Mama Pindo.

"Tega," alijibu Shemeji.

"Nina mgeni, nikimvuta hagombi, nikimwachia haagi."

"Lastiki, Mama," alisema bintiye bila kuinua kichwa. "Umenitegea hicho tangu niko la pili. Kiuno cha shemeji yako ni ngapi?"

"Tisini na sita."

"Na lastiki ulikata ngapi?"

"Kiuno toa shubiri. Sabini na sita. Nimekata hivyo maisha yangu yote."

Bintiye alikokotoa nyuma ya kipande cha karatasi ya mitindo. Shubiri ile ikigawanywa kwenye lastiki nzima ya sabini na sita, kila sentimita ishirini za lastiki zinavutwa tano na kidogo. Kwa ile ya zamani hiyo ni glasi moja na ushei. Kwa mpya ni glasi mbili na nusu, na zaidi.

"Kumbe nimebeba glasi mbili na nusu juu ya kovu wiki nzima," alisema Shemeji, "na sijanywa hata moja."

Mama Pindo hakucheka. Alikuwa akiuangalia mkono wake. Shubiri ilikuwa ya lastiki laini tu. Zamani, akikutana na mkaidi, vidole vilimwongezea urefu bila yeye kujua. Vidole vilipokufa ganzi, ilibaki shubiri peke yake, nayo haijui kutofautisha.

"Huyu mpya ni mkaidi mara mbili," alisema. "Basi nitoe nusu ya shubiri. Nikate themanini na sita."

Bintiye alikokotoa tena. Ikatoka glasi moja na ushei. Alirudia, ikatoka vilevile. Akaifungua zipu ya mkoba.

Mkanda Mama Pindo aliuvalisha mwenyewe, kwa macho, si kwa vidole. Aliifumua ya bluu, akashona upya. Shemeji akaivaa, akaketi, akainama, akafunga kamba za viatu, akamaliza chai yake yote. Kisha akainua shati. Kovu lilikuwa hapo, peke yake.

"Bunda lingine likija?" aliuliza bintiye.

"Litapita mlangoni kwanza."

Alichukua chaki, akaandika juu ya bunda jipya: *nusu shubiri*. Bintiye aliposogeza kiti ili aung'oe msumari, Mama Pindo alimwambia auache.