Chungu cha Dawa Hakirudishwi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la kinu cha zamani, shuka la Qiaoyun lilikuwa limekwisha kuanikwa uani, likichuruzika maji. Sisi majirani hatuna dogo.

"Mama Wei, mmeletewa mjukuu?" aliuliza mmoja wetu. "Maana huyu anayekojoa kitandani hatujamwona."

"Anayekojoa ni babu yake," Qiaoyun alijibu. Mumewe Dengke, aliyekuwa akipiga mswaki kando ya bomba, aliinamisha kichwa akakubali kosa lisilo lake.

Ukweli ni kwamba Qiaoyun alikuwa amefika umri ule ambao mwili wa mwanamke hubadili desturi zake bila kuomba ruhusa. Usingizi ulimjia vizuri, kisha ukamtoroka katikati ya usiku, ukamwacha amelowa chapachapa na moyo unamwenda mbio. Hospitali walimpima damu wakaona ni salama. Tabibu Pang wa mtaani kwetu alimshika mshipa wa mkono, akamtazama ulimi, akasema maji yamepungua chini na moto umepanda juu. Apunguze pilipili, aloweke miguu katika maji ya vuguvugu kabla ya kulala, na achemshe kunazi nyekundu, mzizi mtamu na ngano inayoelea.

"Si ngano yoyote," alisema tabibu. "Imwage kwenye maji. Iliyoshiba itazama, hiyo kampikie mumeo. Ile nyepesi inayobaki juu, ambayo watu huwatupia kuku, ndiyo itakayokuzuia jasho. Na uichemshe katika chungu cha udongo. Sufuria itaiharibu."

Hapo ndipo Qiaoyun alipokwama. Chungu alikuwa nacho, tena cha marehemu mama yake, lakini kilikuwa kwa mdogo wake Qiaoling, ng'ambo ya reli.

Kwetu chungu cha dawa huazimwa, hakirudishwi. Anayekirudisha humpelekea mwenzake maradhi mpaka mlangoni. Hukaa kwa aliyekiazima hadi siku mwenye chungu atakapougua, aje kukichukua kwa mikono yake. Qiaoling alikiazima miaka sita iliyopita alipokuwa akikohoa. Majira hayohayo mumewe aliukata mkunazi ambao mama yao aliupanda uani, ili guta lake la mizigo lipate pa kuegeshwa. Qiaoyun alipofika na kukuta kisiki kibichi, hakuomba hata maji ya kunywa. Alisimama kizingitini akasema, "Mlango huu nitaukanyaga tena siku nitakayokuja kuchukua chungu changu."

Na kwa kuwa alikuwa mwanamke ambaye hata mafua yalimwogopa, kila aliyesikia alielewa kwamba amesema hatarudi kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki. Qiaoling aliyasikia maneno hayo akiwa na ufagio mkononi, akaendelea kufagia pale pale palipokwisha kuwa safi.

Basi Qiaoyun alikwenda sokoni akanunua chungu kipya. Wenye subira hukichemshia kwanza maji ya mchele ili udongo ushikamane, lakini yeye alikibandika motoni kwa pupa, kikapasuka kabla kunazi hazijalainika. Dengke alifuta jiko. Usiku ule, mkewe alipozinduka amelowa, alimkuta ameketi kitandani na upepeo. Aliuweka chini, akamshika mkono, akawa anambonyeza taratibu penye kifundo, upande wa kidole cha mwisho, kama tabibu alivyomwonyesha.

"Mama Wei," alisema, "wewe unaumwa."

"Siumwi. Ni joto tu."

"Huu mwezi wa kumi. Watu wametoa mablanketi."

Qiaoyun alijifuta jasho shingoni. "Nikikubali kwamba naumwa, itanibidi niende."

"Ndiyo maana nakwambia unaumwa."

Alilia kidogo, uso ukutani, na Dengke aliendelea kubonyeza. Qiaoyun alimpenda mdogo wake. Hilo halikukoma hata siku moja. Kilichokoma ni kwenda.

Asubuhi alivuka reli. Njia nzima alikuwa akirudia maneno aliyoyapanga: nimefuata chungu changu, basi. Qiaoling alikuwa ameketi mlangoni akimenya vitunguu saumu. Alipoinua macho, kisu kilimponyoka.

"Nani?" aliuliza. Hata hakusalimu. "Dada, nani anaumwa? Shemeji? Wei?"

"Ni mimi."

Qiaoling aliteleza kutoka kwenye kigoda akakaa chini, juu ya maganda.

"Si jambo la kufa," Qiaoyun alisema haraka. "Jasho la usiku tu. Lile la mama."

"Lile la kubadili shuka?"

"Hilohilo. Hospitali wamenipima, hawakuona neno. Inuka basi, umekalia vitunguu."

Qiaoling alianza kucheka, na kicheko kikamgeuka kilio. "Miaka sita natamani uje," alisema. "Na kila nikitamani, najiuma ulimi. Kukuombea uje ni kukuombea ugonjwa. Sikujua hata niombe nini, dada."

Maneno yaliyopangwa njiani yalimpotea Qiaoyun. Aliinama, akamshika mdogo wake mkono akamsimamisha, kisha akampangusa maganda nguoni, kama alivyokuwa akimpangusa vumbi walipokuwa wasichana.

Chungu kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa safi, hakina hata chembe ya vumbi. Uani, ubavuni mwa kile kisiki, lilikuwa limechipuka shina jipya, nalo sasa lilimpita mtu urefu. Lilikuwa limezungushiwa ua wa vipande vya matofali. Guta lilikuwa limeegeshwa nje kichochoroni, limefunikwa turubai.

"Alilihamisha mwenyewe?" Qiaoyun aliuliza.

"Nilimwambia achague guta au mimi. Alifikiri kwanza, mshenzi yule."

Wakacheka wote wawili. Qiaoling alijaza kunazi kavu ndani ya chungu, akakiweka juu ya meza, akarudi nyuma. "Sikupi," alisema. "Chukua mwenyewe."

Qiaoyun alikichukua mwenyewe.

Dawa ilichemka nyumbani kwake vuli yote. Jasho halikuisha mara moja, lakini lilipunguza ujeuri, na theluji ya kwanza ilipoanguka kambani palikuwa na soksi za Dengke tu. Majirani tukakosa la kusema. Lakini sasa Qiaoyun alikuwa na fadhaa nyingine. Undugu uliokaa kabatini miaka sita hauvaliki kwa siku moja. Mara kadhaa alijifunga skafu aende ng'ambo ya reli, akafika mlangoni, akajiuliza atasema amefuata nini, akaifungua tena. Chungu kilikaa rafuni, kisafi, hakina kazi.

Asubuhi moja mlango uligongwa. Qiaoling alikuwa amesimama nje, theluji mabegani, mashavu yamemwiva kwa baridi. Tangu siku ya kisiki hakuwahi kufika hapo.

"Nimekuja kuazima chungu," alisema. "Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kikohozi." Akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu asiyejua kudanganya.

Qiaoyun alimwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi, halina dalili ya homa. Alikiacha kiganja pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Homa kali hii," alisema. "Baba Wei, teremsha chungu."

Dengke alikuwa amekwisha kukiteremsha. Qiaoling alikipokea, akakikumbatia kifuani ndani ya koti lake.

"Utakifuata lini?" aliuliza, bila kumtazama dada yake.

Qiaoyun alimpangusa theluji begani.

"Jumapili," alisema. "Nahisi Jumapili nitaumwa."