Imondo ya Baba Mchungaji

Jumapili hiyo imondo ilikosekana tena.

Kwetu Lurambi hata mtoto mdogo anajua: ukichinja kuku, imondo, ile firigisi, ni ya mwenye boma. Mama hakulangi, mtoto hakulangi. Na kwa sababu Baba alikuwa mchungaji, wazee wa kanisa walikuwa wanakula kwetu baada ya ibada, na wote walikuwa wanaangalia sahani yake kwanza.

"Mama Mchungaji," Mzee Nehemiah akasema, akikoroga mchuzi na kijiko, "hii kuku ilizaliwa bila imondo?"

Wazee wakacheka. Baba hakucheka. Mama akasema labda ni paka imebeba.

Sisi hatukuwa na paka.

"Hiyo paka inavaa longi," Mama Sellah wa kanisa akamwambia mwenzake Zipporah jikoni, wakisaidia kupakua. Mimi nilikuwa hapo naosha vikombe, lakini kwa sababu siongeangi, watu wanasahau niko. "Mwanamke akificha imondo, kuna mwanaume analisha mahali. Wacha mchungaji ajue. Atamrudisha kwao Bukura na nguo ya mwilini tu."

Kikombe kikaniponyoka. Tangu siku hiyo nikaanza kumchunga Mama.

Jumapili iliyofuata nikamwona. Kabla ya kupakua, alitoa imondo kwa sufuria, akaikata vipande vidogo vidogo, akafunika bakuli na jani la ndizi. Wageni walipokuwa wanakula akajifunga leso. "Naenda kuona mgonjwa."

Akaingia njia ya miwa. Nikamfuata. Nilikuwa naomba nikitembea: Mungu, wacha iwe mgonjwa kweli.

Nyuma ya miwa kulikuwa na nyumba ya udongo. Mama hakuingia. Aliweka bakuli mlangoni, akarudi nyuma, akageuka akaangalia kando, akakohoa. Mkono wa mwanaume ukatoka, ukachukua bakuli.

Nikajua hiyo ndiyo paka.

Halafu sauti ikasema, "Asante, mwana wanje, mtoto wangu. Leo umekata vizuri, fizi haitaniuma."

Alikuwa Kuka Osundwa. Baba ya Baba! Ndiyo maana Mama aligeuka: mke wa mtoto hapeani kitu kwa mkono wa baba mkwe. Na ndiyo maana alijificha. Baba alitangaza madhabahuni kwamba hatakula na mzee huyo, wala nyumba yake haitamlisha, mpaka aache kupika pombe ya busaa. Kanisa lilipiga makofi sana. Kutoka hapo hakuna mtu alimtaja kwetu.

Nikarudi nyumbani nyuma ya Mama, tukakuta wazee hawajaenda.

"Muulize mbele yetu," Nehemiah alikuwa anasema.

Baba akasimama. "Mama Mitchel, imondo inaendanga wapi?"

Mama akaangalia chini. Akisema, atamwaibisha Baba mbele ya wazee. Akinyamaza, ni Bukura. Aliendelea kukunja ncha ya leso, akikunja na kukunjua.

"Ni Kuka anakulanga," nikasema.

Wote wakageuka. Nafikiri wengine hawakuwa wamewahi kusikia sauti yangu.

"Aaah! Mchungaji anafunga mlango huku, bibi anafungua huko!" Nehemiah akapiga paja.

Baba hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia Mama.

"Bado ana meno?"

"Mbili tu. Namkatianga."

Baba akakaa chini. Wazee walichukua kofia zao mmoja mmoja wakaenda, na hakuwasindikiza.

Jumapili nyingine, imondo haikuwa kwa sahani. Mzee Nehemiah akaweka kijiko chini, akamkazia Mama macho.

"Usimwangalie huyo," Baba akasema. "Ni mimi nimepeleka."

Hakuna mtu alicheka. Mama akaongeza mchuzi kwa sahani ya Nehemiah, mpaka ikajaa.

Jikoni, Mama Sellah akanifuata mbio. "Mitchel, mtoto mzuri, niambie. Baba yako aliingia ndani? Alionja hiyo busaa?"

Nikaendelea kuosha vikombe.