Droo ya Taransiferi

Mukarugwiza aliuza chai ya tangawizi na mandazi Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, na ya kwake aliinywa ikitoka jikoni, bado inatokota. Wateja wakimwonya, aliwajibu kwa Kiswahili alichokua nacho Ngara, Tanzania: "Maji ya moto hayachomi nyumba." Kwa miaka ishirini hayakuchoma.

Mwezi wa pili maharage yakaanza kumkwama kifuani. Hakuna aliyeona, kwa sababu Kigali mtu mzima hatafuni mbele za watu, na yeye alikula nyuma ya pazia. Jumanne moja tonge lilikwama, likarudi nusu ya njia, likatoweka. Lilitokea kituo cha afya, ndani ya droo ya meza ya Valens, muuguzi wa zamu.

Valens alikuta maharage yaliyotafunwa, yamegandamana kwa ute mzito unaovutika kama ulimbo. Yalikuwa juu ya karatasi za taransiferi, za rufaa, ambazo mgonjwa asipokuwa nazo bima haimlipii hospitali. Alizianika dirishani, akafuta droo kwa spiriti, akaita mgonjwa mwingine.

Kesho yake Mukarugwiza alifika na binti yake, Phiona.

"Muganga, chakula kinakwama hapa," alisema, kidole katikati ya kifua. "Mfagizi ameniambia cha jana kilikufikia. Unisamehe." Aliona aibu ya mtu aliyefumaniwa anatafuna.

"Hakuna shida. Mama, hiyo ni igifu tu."

Igifu, yaani tumbo, ni jina ambalo Kigali nzima huyapa maumivu yoyote yaliyo kati ya shingo na kitovu, na vidonge vyake ni vile vile. Valens akampa vya wiki sita. Ukutani kulikuwa na chati ya malengo. Kituo kilikuwa kimepeleka wagonjwa wachache hospitali kuliko vingine vyote, na mkuu alikibandikia nyota.

Jioni ile ile vidonge vilirudi drooni, vizima, vimelowa mate. Inatia kinyaa kulisema hili, lakini Valens alivipangusa kwa pamba, akavirudisha kwenye kopo. Dawa ya serikali haitupwi.

Mwezi wa nne ukaja uji. Mwezi wa tano ikaja chai, imepoa, ina nyuzi za damu, na harufu yake ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria. Mukarugwiza alituma kitambaa cheupe cha kufunikia, wagonjwa wengine wasione. Valens alihamishia karatasi kabati la juu, akatia beseni ndani ya droo.

"Muganga, andika taransiferi," Phiona alisema. "Mama amekwisha."

"Lazima amalize dawa kwanza."

"Dawa iko kwa droo yako."

"Najua. Lakini kwa daftari iko imeandikwa amekunywa."

Mwezi wa saba nzi walizidi na mkaguzi alitarajiwa, basi Valens akaandika. Hospitali walimpitishia Mukarugwiza kamera mdomoni. Ilishuka shibiri moja ikagota. Daktari alisema ni saratani, imeziba umio, njia yote ya chakula, na imeshafika kwenye ini.

"Mama, mwezi wa pili ulikuwa wapi? Wakati ule tungeweza kukata."

Mukarugwiza, ambaye sasa Phiona alimbeba mgongoni bila kuhema, alijibu kwamba alikuwa kwenye droo. Daktari alitikisa kichwa. Alikuwa ameshasikia habari za droo nyingi.

Mukarugwiza alifariki mwezi wa nane. Valens alikuja msibani akiwa na shati safi, akamshika Phiona mkono. "Pole sana, dada. Mficha maradhi, kifo humfichua."

"Hakuficha," Phiona alisema. "Alikuletea mpaka mezani."

Valens alikubali kwamba ni kweli, akaketi, akapewa soda.

Jumatatu droo ilikuwa kavu, haina harufu, na karatasi zilikuwa zimesharudi mahali pake. Saa tatu aliingia Mutsinzi, dereva wa pikipiki wa Gitega, mtaa wa jirani, amebana kofia yake ngumu kwapani.

"Muganga, nyama iko inakwama hapa."

"Hiyo ni igifu tu," Valens alisema. Akafungua droo, akazihamisha karatasi za taransiferi kabati la juu zisije zikalowa, akatia beseni. Kisha akamhesabia vidonge vya wiki sita kutoka kwenye kopo lile lile.